Kicheko Juu ya Jeneza

Mwanangu, kuna siku moja ambayo nikiikumbuka hata leo macho yangu yanashuka chini yenyewe. Nimezaa, nimeozesha, msikitini vijana wananipisha mbele, lakini siku ile ikinijia naomba asiwepo mtu wa kuniuliza nawaza nini. Leo nakueleza wewe kwa sababu nimekuona na simu yako, ukikata na kuunga picha za arusi ya dada yako, unafuta hiki, unayeyusha kile, unatabasamu peke yako. Mkono wako mwepesi. Wangu pia ulikuwa mwepesi, na wepesi huo ulimponza mama mmoja ambaye hakuwa na kosa lolote.

Unajua kwetu ni Maniema. Babu yako alikuja Lubumbashi kuuza vitambaa, akajenga mtaani Kamalondo, na mimi nikakulia hapo. Vitambaa sikuvitaka. Nilitaka kamera, na babu yako alisikitika mpaka akachoka.

Miaka hiyo nchi ilikuwa imekatwa vipande na vita. Kampuni ya shaba, ambayo sisi sote tuliiita "kazi" tu, ilikuwa hoi: watu walikwenda asubuhi, wakarudi jioni, na mshahara hauji. Waliuza viti, wakauza na fremu za madirisha. Utaniuliza, katika njaa ile nani alitaka kupigwa video? Nitakuambia: wafiwa. Barabara zilikuwa mikononi mwa askari, mtu akifia hapa ndugu zake wa Kilwa, ile ya ziwani, hawafiki. Basi kilio kilipigwa kwenye kaseti, na njia ikifunguka kidogo, kaseti inapanda lori la mizigo, wale wa mbali nao wanakaa chini kulia. Walioletewa habari kwa mdomo tu hawakuishiwa na maswali, maana kila mpita njia alikuwa na yake ya kuongeza.

Studio niliyofanya kazi ilikuwa ya Papa Delphin, mtu wa Kambove, mrefu, maneno yake machache, koti lake moja. Alikuwa na kompyuta aliyoinunua siku za heri, na aliifunika kwa shuka kila jioni. Yeye ndiye aliyenifundisha montaji, huko kukata na kuunga picha, na fundisho lake la kwanza lilikuwa alama. Ndani ya mashine ile, juu ya mstari wa picha, unaweza kuchomeka vibendera vidogo vya rangi, kila kimoja kikikumbusha kwamba hapa pana jambo.

"Kwanza angalia kaseti yote, mwanzo mupaka mwisho, bila kugusa kitu," aliniambia. "Pahali muntu anabadilisha uso, weka alama. Kisha rudia nyuma, tafuta kile kimemubadilisha, weka alama ingine. Hizo mbili ni bwana na bibi yake. Usibaachanishe."

Kuunga picha alikuwa na njia tatu tu. Kata kavu, picha hii inakwisha na ile inaanza. Giza fupi, kuonyesha kwamba muda umepita. Na ile tuliyoiita fondu, picha moja inayeyuka polepole ndani ya nyingine, kwa kitambo zinaonekana zote mbili pamoja. Mimi niliipenda fondu kupita kiasi. Papa Delphin aliitia kidogo kidogo, kama chumvi, na alinionya kwamba mtazamaji akiona sura mbili zimelala moja juu ya nyingine, moyo wake unazifanya jambo moja hata kama hakuna aliyemwambia hivyo.

"Na ingine," alisema. "Fondu inakula pande zote mbili. Wewe unaona umekata hapa, kumbe yeye anachukua tena picha zenye kuwa nyuma ya mukato. Kwa hiyo kata mbali, acha nafasi."

Nikamjibu, "Ndiyo, papa." Ilikuwa ndiyo ya mdomo. Asiyesikia la mkuu, mwanangu, wewe unajua mwisho wake.

Basi akafa Kabwe. Alikuwa mfanyakazi wa tanuru la shaba, kwao Kilwa, kando ya ziwa, na ugonjwa wake ulikuwa mfupi. Aliacha mke, Mama Astride, aliyekuwa akikaanga mikate na kuiuza soko la kambi ya wafanyakazi, na watoto wawili, msichana na mvulana. Kwa desturi ya ukoo wa mume, mjane ni lazima aachiliwe na wakwe zake. Kaka mkubwa wa marehemu, Mzee Mwansa, ndiye aliyepaswa kuja na kumpaka mpemba, ule udongo mweupe, na kumtamkia mbele ya watu kwamba yuko huru na marehemu wao. Kabla ya hapo mjane hasuki nywele, hauzi kitu, na chakula kilichopita mikononi mwake hakuna anayekigusa. Hata watoto, neno lao liko kwa baba yao mkubwa. Na baba mkubwa alikuwa Kilwa, njia imefungwa. Kilichobaki ni kaseti.

Nilikwenda na kamera yangu. Jeneza lilikuwa uani, Mama Astride ameketi chini kwenye mkeka, kitambaa kimemwanguka kichwani, sauti imekwisha kukauka. Wanawake wamemshika mabega. Nilimsogelea na kamera, kwa sababu mwanga wa asubuhi ulikuwa unampiga vizuri usoni. Naona haya kulitamka neno hilo, "vizuri," lakini ndivyo nilivyowaza.

Mara akaingia Mzee Chola, jirani, kavaa kofia ya kazini ya marehemu na buti zake. Akaenda moja kwa moja akalala chini kando ya jeneza, akaligonga kwa kiganja.

"Kabwe, amuka. Gari ya kazi inapita, batakukata siku yako," akasema. "Unalala mupaka saa hizi sababu bibi yako alikulisha mikate mingi."

Watu wakaanza kutikisika kwa kicheko. Akainuka, akatembea kama Kabwe alivyokuwa akitembea, tumbo mbele, funguo mkononi. Akaigiza alivyosinzia misani na kushtuka wakati wa sadaka. Kisha akamgeukia mjane, akamwambia asipoleta pombe wao hawachimbi kaburi, marehemu atakaa hapo uani ale mikate yake mpaka iishe. Na Mama Astride, machozi yakimtiririka, akaziba mdomo kwa mkono. Mkono ukaanguka. Akacheka, meno yote nje, akacheka mpaka akalala mapajani mwa dada yake, na hapo ndipo kilio kikamtoka upya, kikubwa kuliko cha kwanza.

Mimi nilikuwa nimesikia habari za watani, wale ambao watu wa huko wanawaita banungwe, ukoo na ukoo wanaotaniana na kuzikana, na Chola kumbe alikuwa mtani wa ukoo wa Kabwe. Kusikia ni kitu kingine. Kwetu msiba ni kisomo, watu wanainamisha vichwa, hata mtoto akicheka anafinywa. Nikaona Mzee Chola amewadhalilisha wafiwa, tena mbele ya kamera yangu. Kuuliza si ujinga, walisema wahenga, na watu wa kuuliza walijaa pale uani. Sikuuliza. Niliamua moyoni kwamba nitawasitiri.

Wiki ile Papa Delphin alikuwa Kambove, mama yake mgonjwa, kaniachia studio. Umeme ulikuwa unakuja mchana kwa kitambo na kuondoka, na lori la mfanyabiashara mmoja wa Butembo lilikuwa linapakia unga na chumvi kwenda Kilwa, maana njia ilikuwa imefunguliwa. Sikuangalia kaseti mwanzo hadi mwisho. Sikuchomeka hata alama moja. Nilimkata Mzee Chola tangu alipoingia mpaka alipotoka, kofia na buti na kila kitu, nikajiona mtu mwenye adabu. Uso wa Mama Astride niliubakiza, ule wa mwanga wa asubuhi, nikaukata pale anapoziba mdomo, kwa sababu hapo alionekana kama ana kwikwi ya kilio. Juu yake nikaweka wimbo wa kwaya. Kisha nikauunga na picha ya jeneza linatolewa getini, na katikati nikatia fondu, ndefu, laini, tamu.

Niliangalia mara moja tu. Nakuapia, mwanangu, niliona. Fondu ilikuwa imevuka mkato wangu na kurudi na zile picha nilizodhani nimeziacha: mkono unaanguka, meno yanatoka, na kicheko cha mjane kinaelea polepole juu ya jeneza la mume wake. Nilijua ninachokitazama. Lakini kule nje dereva anapiga honi, umeme unaweza kukatika saa yoyote, na kazi ilikuwa nzuri machoni pangu. Nikajiambia, "Nani ataona?" Nikatoa kaseti nikampa dereva. Haraka haraka haina baraka, na mimi siku ile nilikuwa na haraka, nikawa na kiburi pia.

Kisha nikafanya la pili. Kaseti mpya zilikuwa hazipatikani mjini, kwa hiyo ile ya asili, yenye Chola ndani, niliirudisha mwanzo nikapigia arusi juu yake, na ndani ya kompyuta nikafuta vipande vyote, nikabakiza kazi iliyokamilika tu.

Mvua zilikuwa zimeshika wakati dereva aliporudi na maneno. Kule Kilwa waliweka televisheni uani kwa Mzee Mwansa, wakawasha jenereta, ukoo mzima ukakaa kulia pamoja na sisi. Walipofika pale kwenye jeneza, Mzee Mwansa akasema irudishwe. Ikarudishwa tena na tena. Akatuma kusema, "Huyu mwanamuke anacheka maiti ya mudogo wangu inatoka nyumbani. Ni yeye alimula. Hatumuachilie, na batoto balete huku." Unajua maana ya kumla mtu, ni kumwua kwa uchawi. Hata hapa mjini habari ilimfikia kila mtu kabla ya jua kuzama.

Papa Delphin alikuwa amerudi kutoka Kambove siku Mama Astride alipokuja studio. Nywele zake hazijasukwa, kitambaa cheusi kimechakaa, na yule msichana wake amemshika nguo nyuma. Hakuja kugomba. Aliketi kwenye benchi, akaomba kwa heshima aonyeshwe nakala iliyobaki ndani ya kompyuta, maana hakuwahi kuiona. Papa Delphin akaiweka. Tukatazama sote, mimi nimesimama mlangoni.

Ilipokwisha, aligeuka kwenye benchi. Kisha akaniangalia.

"Kucheka, nilicheka," akasema. "Sikatai. Lakini Ba Chola iko wapi humu ndani?"

Nilimwangalia yule msichana, naye alikuwa ananiangalia kama wanavyoangaliwa watu wazima na watoto, akingoja nirekebishe. Nilitamani ardhi inimeze na kompyuta ile.

Papa Delphin hakuinua sauti. Alinivuta nje, tukasimama kando ya mfereji. "Uliondoa mwenye kuchekesha, ukaacha mwenye kucheka," akaniambia. "Mimi nilikufundisha bile bibendera kwa sababu gani? Ule muzee aliingia pale kumurudisha mama kwa bantu, asifuate bwana yake mu kaburi. Wewe ulimufuta, na mama alibaki peke yake mbele ya bakwe zake." Halafu akauliza, "Uliona mbele ya kutuma?" Nikasema niliona. Akanipa mgongo, na mgongo ule uliniuma kuliko kofi. Baadaye ndipo akaniuliza habari za kaseti ya asili, nikalazimika kumweleza na hilo.

Maji yakimwagika hayazoleki, lakini aliyeyamwaga hawezi kukaa kitako akayatazama. Papa Delphin aliamua kwamba nitakwenda Kilwa mwenyewe, na kwa kuwa sina picha ya kuonyesha, niende na Mzee Chola. Nilikwenda kumpigia magoti. Alinisikiliza huku akitafuna karanga.

"Ulinifuta na mashine," akasema. "Sasa utanibeba."

Safari ile sitaki kukuchosha nayo. Matope, vizuizi vya askari, lori linalala njiani na sisi juu ya magunia. Njia nzima Mzee Chola alinitania, akiniita "Bwana Fondu," akiwaambia abiria wafunike nyuso zao nisije nikawayeyusha. Wote walicheka. Mimi nilivuta kofia mpaka machoni, na mwiba wa kujidunga hauambiwi pole.

Mzee Mwansa alitupokea uani, samaki wamekaushwa juu ya chanja, wazee wa ukoo wameketi. Nilisimama nikaeleza yote: nilivyokata, nilivyounga, nilivyoona na kutuma. Nilipomaliza aliniuliza kama nimeleta kaseti yenye huyo Chola. Nikasema niliipigia arusi. Wazee wakaguna.

"Basi una midomo tu," akasema Mzee Mwansa. "Muntu wa kutumwa na mwanamuke angesema vile vile."

Nikaketi. Nilijua imekwisha, watoto watachukuliwa na mama yao atabaki mchawi, na sababu ni mimi. Nililia, mwanangu, kijana mzima, mbele ya watu nisiowajua.

Ndipo Mzee Chola aliponyanyuka. Hakuomba ruhusa. Alimvua Mzee Mwansa kofia yake kichwani, akaivaa, akaenda kulala chali katikati ya ua. Akaanza. "Kabwe, amuka, gari ya kazi inapita." Akatembea na lile tumbo mbele, funguo hewani. Akasinzia misani. Akamgeukia Mzee Mwansa, akamwambia kaka mkubwa gani huyu, mdogo wake anazikwa yeye anakaa Kilwa anahesabu dagaa, mwoga wa askari, alipe pombe au Kabwe aje kumdai mwenyewe.

Hakuna aliyesogea. Nilimwona Mzee Mwansa anakaza taya. Akatazama pembeni, akatazama ziwani. Kisha mabega yakaanza kumtikisika, akaleta mkono mdomoni, na kicheko kikampita katikati ya vidole. Alicheka mpaka akainama, na katika kuinama kule akaanza kumlilia mdogo wake kwa jina, kwa sauti, kwa mara ya kwanza tangu habari ifike, walivyosema watu wake. Wazee walimwacha alie.

Aliponyanyua uso ulikuwa umelowa wote. Hakunitazama mimi. Alimwambia mkewe, "Tafuta mpemba. Tunaenda kumuachilia ule mama."

Tulirudi naye kwa lori lilelile, na Mama Astride akapakwa mpemba mbele ya watu wote wa kambi, watoto wake wakabaki naye. Unadhani hapo hadithi imekwisha vizuri. Haikuisha. Msimu mzima wa mvua watu walikuwa wamekataa chakula cha mkono wake. Mahali pake sokoni palichukuliwa, akahamia Annexe, pembezoni mwa mji, kulima mihogo. Msichana wake aliitwa mtoto wa mchawi shuleni, akaacha kwenda, na hakurudi tena. Nilikwenda kumwomba Mama Astride msamaha, akaliweka jembe chini, akanisikiliza mpaka mwisho.

"Nimekusamehe," akasema. "Ila usinipige tena picha. Wewe ao mwengine."

Amelishika neno lake. Miaka hii yote, mahali penye sherehe, kamera ikigeuka upande wake anavuta kitambaa na kujifunika uso wote. Siku alipoozesha yule binti yake nilikuwepo. Kwenye video ya arusi ile, kila mtu anaonekana anafurahi, na mama wa bibi arusi ni kitambaa tu. Nimekaa na aibu hiyo mpaka imeota mvi pamoja na mimi.

Kwa hiyo sikiliza, mwanangu, halafu nitakuacha uendelee na simu yako. Tazama kwanza yote kabla kidole chako hakijagusa kitu. Weka alama panapocheka mtu na panapolia, kisha rudi nyuma umtafute aliyemchekesha au kumliza, na uwaache pamoja. Ukikuta desturi usiyoielewa, nenda kaulize mlangoni kwa wenyewe, maana kumsitiri mtu bila kumuuliza ni kumvua nguo. Kata kavu ikitosha, ridhika nayo. Ukilazimika kuyeyusha sura juu ya sura, kaa uitazame mpaka mwisho, na ukiona kitu usijiambie nani ataona. Umeona wewe, inatosha. Na kama umekwisha kumwondoa mtu, jiulize uliyembakiza amebaki na nani.

Mungu akupe jicho lenye subira na mkono unaojua kungoja. Akukinge na sifa za kazi nzuri iliyomwumiza mtu. Watu unaowachukua sura zao wakuone barabarani na wasijifunike. Amina. Haya, nionyeshe hiyo arusi, lakini anzia mwanzo kabisa, kabla hujakata.